Ziwa Lililodhaniwa Bahari: Karema na Mjadala wa Asili ya Viumbe wa Ziwa Tanganyika, 1858–1920

Mkoa wa Katavi hauna pwani ya bahari wala miamba ya matumbawe. Hata hivyo, ufuko wake wa Karema, magharibi ya Mpanda, umo katika historia ya swali lililowasumbua wanasayansi kwa zaidi ya nusu karne: je, viumbe wa Ziwa Tanganyika ni masalia ya bahari? Insha hii inahoji kuwa jibu lililokubalika kwa muda lilijengwa juu ya mfanano wa maumbo, na kwamba kukosolewa kwake kulibadili thamani ya ziwa lenyewe.

Chanzo cha swali ni makombe. Speke, aliyefika ziwani pamoja na Burton mwaka 1858, aliokota makombe ya konokono ambayo S. P. Woodward aliyafafanua mwaka 1859. Yalikuwa mazito na yenye mapambo, mithili ya makombe ya baharini. Mwaka 1879 Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoasisiwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilifungua kituo Karema. Mwaka 1885 kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie. Mwaka 1883, Mjerumani Richard Böhm, aliyepitia Karema, aliripoti kuwapo kwa yavuyavu katika maji baridi ya ziwa hilo. Kiumbe huyo alipewa jina la *Limnocnida tanganyicae* mwaka 1893.

Kwa ushahidi huo, J. E. S. Moore, baada ya safari mbili za utafiti, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1903 kwamba ziwa lilikuwa mkono wa bahari ya kale uliokatwa na nchi kavu. Alilinganisha konokono wake na visukuku vya bahari vya enzi ya Jura.

Hoja hiyo haikudumu. Yavuyavu wa jamii hiyo walionekana pia katika Ziwa Victoria, ambalo Moore hakulihusisha na bahari. W. A. Cunnington, aliyefanya utafiti ziwani mwaka 1904 na 1905, alihitimisha mwaka 1920 kwamba sifa za viumbe hao zilitokana na kutengwa kwao kwa muda mrefu. Jiolojia ya baadaye imelikadiria ziwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12 tu, yaani changa mno kuwa sehemu ya bahari ya Jura.

Mtafiti wa historia anapaswa pia kusoma majina. *Spekia* na *Lavigeria*, jenasi mbili za konokono wa ziwa hili, zinamkumbuka msafiri na kardinali. Wapiga makasia na wavuvi waliowezesha safari hizo hawamo katika majina hayo.

Mabadiliko hayo ya hoja yana uzito hadi leo. Mwamba wa matumbawe ulioharibika Mafia huweza kupokea viluwiluwi vinavyoletwa na mikondo kutoka kwingine. Karema haina bahari ya kuikopesha. Udongo unaosombwa kutoka milima iliyokatwa miti ukifunika mawe ya ufukweni, konokono na samaki wasiopatikana kwingine duniani hawana pa kutokea tena. Kama wangekuwa masalia, huenda jamaa zao wangetafutwa baharini. Kwa kuwa walizaliwa humu, kupotea kwao humu ni kupotea kabisa.