Hesabu ya Watazamaji wa Mchana Marekani

Tamthilia za mchana za Marekani ziliitwa za sabuni kwa sababu waliozigharimia tangu enzi za redio, miaka ya 1930, walikuwa watengenezaji wa sabuni, Procter & Gamble wakiwa mstari wa mbele. Mnunuzi waliyemlenga ni mama aliyebaki nyumbani, mume akiwa kazini na watoto shuleni. Aliyelipia kipindi alitaka kujua akina mama wangapi wanamsikia.

Jibu lilitoka Chicago. Mwaka 1936 Arthur C. Nielsen, mtafiti wa soko wa huko, alinunua kifaa kilichobuniwa na maprofesa wawili wa chuo cha MIT, Robert Elder na Louis Woodruff. Audimeter, kama kilivyoitwa, kilifungwa kwenye redio na baadaye kwenye televisheni, kikarekodi saa ambazo seti iliwashwa na stesheni iliyofunguliwa. Katika aina moja ya kifaa hicho, familia ilichomoa ukanda wa filamu na kuutuma kwa posta. Ukanda mpya ulipopachikwa, sarafu mbili za senti 25 zilidondoka. Hata hivyo, kifaa hakikuweza kujua kama mbele ya seti ameketi mtu au sebule ni tupu. Kwa hiyo familia nyingine zilipewa shajara, kijitabu cha kuandika kwa mkono nani ametazama nini, robo saa kwa robo saa.

Takwimu zilizopatikana zilikuwa mbili. Reitingi ni asilimia ya waliotazama kipindi kati ya kaya zote zenye televisheni. Mgawo ni asilimia yao kati ya seti zilizowashwa saa hiyo tu. Mchana seti nyingi huwa zimezimwa, hivyo kipindi chenye reitingi ndogo kiliweza kushika theluthi ya waliokuwa wakitazama.

As the World Turns, tungo ya Irna Phillips, ilianza Aprili 1956 ikiwa na nusu saa, wakati tamthilia zilizoitangulia zilikuwa za dakika 15. Ilikaa kileleni karibu miaka 20. Msimu wa 1963–64 reitingi yake ilifika 15.4, yaani zaidi ya kaya 15 katika kila 100, na hiyo ni saa ya mchana.

Shajara ziligawiwa nchi nzima kwa vipindi maalumu, hasa Novemba, Februari na Mei, na bei za matangazo zikapangwa kwa matokeo ya miezi hiyo. Hapo hesabu ikaingia ndani ya hadithi: harusi, vifo na siri kubwa vikawekwa akiba vingojee miezi hiyo. General Hospital, iliyokuwa karibu kufutwa kabla mtayarishaji Gloria Monty hajaichukua mwaka 1978, iliwaoza wahusika wake Luke na Laura katikati ya Novemba 1981 mbele ya watazamaji wapatao milioni 30. Wanafunzi wa vyuo waliojazana mabwenini kuitazama hawakuingia katika hesabu. Kampuni ya Nielsen ilianza kuwahesabu mwaka 2007 tu. Kwa tamthilia zilizopendwa na vijana, hiyo ilikuwa dhuluma ya kweli.

Hata kabla ya hapo, mama aliyelengwa na watengenezaji wa sabuni alikuwa ameshaajiriwa, hayupo tena nyumbani mchana. Kesi ya mauaji iliyomkabili O.J. Simpson mwaka 1995, iliyorushwa moja kwa moja, ilikatiza vipindi kwa miezi, na wengi waliozoea kukaa bila tamthilia yao hawakurudi. Guiding Light, iliyoanzia redioni mwaka 1937, ilifungwa Septemba 2009. As the World Turns ikaifuata mwaka mmoja baadaye. Septemba 2022 Days of Our Lives iliondoka kituo cha televisheni cha NBC na kuhamia mtandaoni, kwenye jukwaa la Peacock.