Nchi Njema na Watu Wenye Makosa

Wako wasemao ya kuwa hadithi ya nchi njema itakayokuja haiwezi kupendeza, kwa kuwa pasipo ugomvi hapana hadithi. Neno hili si jipya. Mwaka 1888, katika Marekani, Edward Bellamy alitoa kitabu kiitwacho Looking Backward. Humo kijana tajiri wa Boston, Julian West, alala usingizi mwaka 1887, naye aamka mwaka 2000. Akuta watu hawatumii fedha; kila mtu hufanya kazi tangu umri wa miaka 21 hata 45, kisha hupumzika; na muziki huletwa nyumbani kwa waya za simu. Kitabu hiki kilisomwa sana, hata vyama vikaundwa kwa ajili yake. Lakini sehemu kubwa ni Daktari Leete akieleza na mgeni akiuliza. Hata sisi walimu, tuliozoea kusema peke yetu, tulichoka.

Mwingereza William Morris hakuridhika nacho, akatunga hadithi yake, News from Nowhere, mwaka 1890. Nchi yake nayo ni njema: hapana gereza wala maskini. Ila kando ya mto Thames akaa mzee mmoja mnung'unikaji, asifuye zamani za kushindana. Asema vitabu vya siku zile vilikuwa na uhai kuliko vya sasa, na mjukuu wake Ellen amkemea. Basi Morris aliliweka swali letu lili hili ndani ya hadithi, wala hakumfukuza mwulizaji.

Tena aliweka jambo zito zaidi. Mtu mmoja, kwa wivu wa mapenzi, amshambulia mwenzake, naye auawa katika mapigano. Majirani hawamfungi aliyeua. Wahofu asije akajiua kwa majonzi, nao washauriana wamsaidieje. Hapo tulisoma polepole. Hapakuwa na adui, wala vita. Palikuwa na kosa tu, na watu wasiojua mara moja la kufanya. Kwa Bellamy wema umo katika maghala na hesabu; kwa Morris twauona katika jinsi wamtendeavyo mtu yule.

Luka naye, alipoandika habari za kanisa la Yerusalemu lililoshiriki mali zote, hakuwaficha Anania na Safira, wala manung'uniko kwa ajili ya wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, katika Matendo sura ya 6. Kwa sababu ya manung'uniko hayo walichaguliwa watu saba, na Stefano alikuwa mmoja wao.