Rangi mpya, deni lile lile: uzi wa historia ya ndege zetu

UZI. Bajeti ikikaribia, mjadala wa Kenya Airways lazima urudi, na majibu huwa yale yale matatu: itaifisheni, iuzeni, ama tafuteni mgeni aje na pesa, jina jipya na rangi mpya. Haya yote tumeshayapitia kwa namna moja au nyingine. Kuna swali moja tu huwa linarukwa: mambo yakiharibika, deni linabaki kwa nani? (Majina ya wanasiasa na vyama sitaki hapa chini, tafadhali.)

Tuanze 1946. East African Airways ilianza kuruka mwaka huo, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, simba kwenye nembo, makao Nairobi. Miaka ya sitini ilikuwa na ndege kubwa aina ya Super VC10 zilizokwenda hadi London. Si mchezo.

Kufikia katikati ya miaka ya sabini, serikali zilikuwa zinavutana juu ya nani anadaiwa nini. Mwanzoni mwa 1977 ndege zikalala. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Zile VC10 zilirudishwa Uingereza, zikaishia jeshi la anga la huko, kazi yao kujazia ndege nyingine mafuta angani.

Kenya Airways ilianzishwa 22 Januari 1977 na kuanza safari 4 Februari kwa Boeing 707 mbili za kukodi kutoka British Midland. Sisi husimulia hiyo siku kama harusi. Ilikuwa talaka, jamani, na mali ya nyumbani ilikuwa haijagawanywa! Mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ulikuja kutiwa saini 1984. Na kule Dar es Salaam, wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wanadai mafao yao miaka ya 2000, wengine wameshazikwa.

Hapa Mwihoko hili halihitaji shahada. Matatu ya Githurai 45 ikihama sacco, inapakwa rangi, inaandikwa jina jipya, makanga anavaa sare mpya. Benki iliyotoa mkopo wa gari haina habari na hiyo rangi. Jioni dere analeta hesabu ile ile.

Shirika likawa la serikali mia kwa mia hadi 1996. Mwaka huo KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26, na hisa zikauzwa kwa wananchi kwa Sh 11.25 moja. Wazee wengi wa Kiambu walinunua, vyeti viko kwenye masanduku hadi leo. Na ukweli usemwe: miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Faida iliingia, 2003 wakanunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania, na 2005 ndege zikapata sura mpya, ile mistari ya ubavuni ikaondoka na maneno "The Pride of Africa" yakaandikwa mahali pake. Kubadilisha sura hakukuwa na ubaya wowote wakati huo. Pesa ilikuwa ndani.

2012 ndipo naona kona. Shirika lilitaka kukua zaidi ya mara dufu, likaomba wenye hisa Sh bilioni 20.7 na kupata kama bilioni 14.5. Ndege mpya zilikuwa zimeshaagizwa. Halafu 2013 uwanja wa JKIA ukaungua na Westgate ikashambuliwa, 2014 Ebola ikafunga safari za Afrika Magharibi, mikataba ya kununua mafuta kwa bei ya mbele ikageuka hasara, na mashirika ya Ghuba pamoja na Ethiopian yakawa yanabeba abiria wetu kwa bei tusizoweza kushindana nazo. Hasara ya mwaka ulioisha Machi 2015: Sh bilioni 25.7. Mwaka uliofuata: 26.2. Baadhi ya ndege zikakodishwa kwa Turkish na Oman Air, yaani tukawa tunawapa washindani vyombo vya kutushinda navyo.

Hapo ndipo marubani walipoanza kusikika sana. Chama chao, KALPA, kilitaka uongozi wa juu uondoke na kikalalamikia ushirikiano na KLM. Wengi wetu tuliwacheka: watu wa mishahara mikubwa, wanalia nini? Mimi naona walikuwa na hoja, ingawa si yote. Rubani mzoefu ana mahali pa kwenda, Ghuba inamlipa vizuri. Aliyebaki akipiga kelele ni yule ambaye kiinua mgongo chake kiko humo ndani.

2017 madeni yakageuzwa hisa. Serikali ikapata asilimia 48.9, benki za hapa 38.1, KLM ikashuka hadi 7.8. Mzee mwenye cheti cha 1996? Amebaki na kipande kisichoonekana. Na serikali ikaweka dhamana ya dola milioni 750, maana yake mimi na wewe tulitia saini bila kushika kalamu. 2019 Bunge liliunga mkono kuitaifisha, baadaye mpango ukaachwa. Julai 2020 hisa zikasimamishwa sokoni zikiwa Sh 3.83, zikarudi Januari 2025.

Novemba 2022 marubani waligoma, na dai kubwa lilikuwa mchango wa mwajiri kwenye mfuko wao wa kustaafu, uliositishwa wakati wa Korona. Abiria maelfu walikwama, mahakama ikawaamuru warudi kazini. Soma tena habari ya wale wastaafu wa Dar.

Anayesema serikali haiwezi kumiliki shirika la ndege, amtazame jirani. Ethiopian nayo iliruka mara ya kwanza 1946, kwa msaada wa TWA ya Marekani, na bado ni ya serikali. Anayesema kutaifisha ndiyo dawa, amtazame Air Tanzania ya miaka ya 2000. Mwenye mali peke yake hakuelezi mengi.

2024 KQ ilipata faida ya Sh bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi. Watu wakashangilia. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi hasara ya zaidi ya bilioni 12, baadhi ya Dreamliner zikiwa zimelala kwa kukosa injini. Sasa anatafutwa mwekezaji mkubwa. Akipatikana, mtaonyeshwa picha za mkia wa ndege na rangi yake. Mimi nitakuwa natafuta kurasa mbili tu za mkataba: ile ya dhamana, na ile ya mfuko wa wafanyakazi.