Bunduki za Vita Chini ya Mlima Kenya: Nani Aliyeruhusiwa Kuchagua

Kutoka Kagio hadi Nyeri, ukipitia Sagana na Karatina, ni mwendo wa saa moja na ushei kwa matatu. Wageni wengi hufika Nyeri kuzuru makaburi. Kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro amelazwa Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Jirani yake ni Jim Corbett, mwindaji wa chuimilia wala watu kule India, aliyefariki tarehe 19 Aprili 1955. Na katika kanisa la kumbukumbu la Waitaliano yupo Duke Amedeo wa Aosta, aliyeongoza majeshi ya Italia Ethiopia na kufia mateka Nairobi mwezi Machi 1942.

Wanaowatembeza wageni husimulia habari za skauti, za chuimilia na za vita. Ziko pia habari za bunduki. Maisha ya watu hawa watatu yaligusana na koo kubwa za bunduki ya kijeshi ya komeo, ile ambayo askari huvuta mpini wa chuma kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine: Lee-Enfield ya Waingereza, Mauser ya Wajerumani na Carcano ya Waitaliano. Mpaka leo, mpenda kulenga shabaha wa Ulaya au Marekani anayetafuta bunduki kuukuu ya jeshi kwa kawaida huanza na majina hayo. Kwetu huku chini ya mlima, swali la bunduki gani ni bora lilikuja nyuma ya swali jingine: nani aliyeruhusiwa kuchagua?

Tuanze na Baden-Powell. Kati ya Oktoba 1899 na Mei 1900 alizingirwa na Makaburu mjini Mafeking, Afrika Kusini, kwa siku 217. Makaburu walikuwa wamenunua makumi ya maelfu ya Mauser za risasi ya milimita 7, bunduki iliyojazwa kwa kasi kwa sababu risasi tano zilishikwa pamoja kwenye kibanio kimoja na kusukumwa ndani kwa dole gumba. Waingereza walikuwa wakitia risasi moja moja. Vita vile viliwafunza kwa uchungu, na baada yake wakaifupisha bunduki yao na kuipa njia ya kujazwa kwa vibanio. Ndivyo ilivyozaliwa Lee-Enfield fupi, iliyoanza kutumika miaka ya 1903 na 1904, yenye magazini ya risasi 10 za .303. Hiyo ndiyo iliyobebwa na askari wa King's African Rifles, yaani KAR, na ndugu yake mdogo, namba 4 ya Vita vya Pili, ndiye anayeitwa Mark 4 na Wakenya wengi mpaka leo.

Risasi ile ile ya Kikaburu ya milimita 7 haikuishia vitani. Kampuni ya Rigby ya London ilichukua mtambo wa Mauser, ikauwekea mbao nzuri na vilengeo vya mawindo, ikaipa risasi jina la .275. Bunduki ya namna hiyo ndiyo aliyozawadiwa Corbett mwaka 1907 baada ya kumuua chuimilia jike wa Champawat, aliyehesabiwa kuwa ameua watu 436. Corbett alihamia Nyeri baada ya India kupata uhuru mwaka 1947, akaishi na dada yake katika Paxtu, nyumba ndogo ya hoteli ya Outspan iliyojengwa mwaka 1938 kwa ajili ya Baden-Powell. Kwa hiyo paa moja la Nyeri lilimfunika mtu aliyelengwa na risasi hiyo Mafeking, kisha likamfunika mtu aliyeokoa vijiji vya Kumaon, India, kwa risasi hiyo hiyo. Sijui mji mwingine wa Afrika Mashariki wenye mkutano wa namna hii.

Wawindaji wa kigeni walikuwa wamefika huku mapema zaidi. Agosti 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani mwezi Machi mwaka huo, alifika Nyeri na kuwinda tembo kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Kwa tembo alitumia bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland, lakini kwa wanyama wengi wa safari yake alibeba Springfield ya jeshi la Marekani iliyochongewa kitako kipya kumfaa yeye. Uganda, mwindaji wa Kiskoti W. D. M. Bell aliwaua mamia ya tembo wa Karamoja na kwingineko kwa risasi ndogo za .275, kwa kuwa alijua hasa ubongo wa tembo ulipo. Wengi waliojaribu kumwiga kwa risasi ndogo walijeruhi tu, na mnyama aliyejeruhiwa akalipiza kwa mtu mwingine. Risasi za kijeshi za aina hii zinamfaa swala. Nyati na tembo wanataka risasi nzito zaidi.

Leseni ya mwindaji mgeni wakati huo ilikuwa pauni 50. Mkikuyu, Mndia au Mmeru aliyetega mtego au kuvuta upinde kwenye msitu ule ule aliitwa jangili. Kazi aliyoachiwa katika safari za mawindo ilikuwa kubeba mizigo na kufuata nyayo.

Carcano ilikuja na waliotekwa. Ethiopia ilipokombolewa mwaka 1941, wakiwemo wapiganaji wa KAR kati ya wakombozi, maelfu ya Waitaliano waliletwa Kenya kama mateka. Kambi namba 354 ilikuwa Nanyuki, na humo ndimo Felice Benuzzi alimotoroka na wenzake wawili Januari 1943 kwenda kuupanda Mlima Kenya, kisha akarudi kambini mwenyewe. Bunduki ya Waitaliano, ya tangu mwaka 1891, hujazwa risasi sita pamoja na kibanio chake, na haikupendwa sana na walengaji. Umaarufu wake mbaya ulitoka Dallas mwaka 1963, alipouawa rais wa Marekani: mshtakiwa, Lee Harvey Oswald, alikuwa ameagiza Carcano kuukuu kwa posta, bei ya bunduki na darubini yake ikiwa dola 19.95. Mwaka 1968 Marekani ikapiga marufuku ununuzi wa namna hiyo.

Mwafrika wa eneo hili aliijua bunduki ya komeo jeshini. Waruhiu Itote alikuwa KAR huko Burma wakati wa Vita vya Pili. Wenzake wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipita Bonde la Kabaw mwaka 1944 katika matope na malaria, Lee-Enfield mabegani. Waliijua kuliko walowezi wengi: kuisafisha gizani, kuizuia isiingie kutu, kufyatua na kuvuta komeo bila kuondoa kitako begani. Vita vilipokwisha walirudisha bunduki ghalani na kurudi vijijini, ambako sheria ya ukoloni ilimfungia Mwafrika wa kawaida mlango wa kumiliki silaha. Mlowezi aliyewahi kupigana naye bega kwa bega aliweza kununua Lee-Enfield, kukata mbao zake za mbele na kwenda nayo kuwinda pofu Laikipia.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Itote aligeuka Jenerali China, kamanda wa wapiganaji wa Mau Mau msituni upande wa Mlima Kenya. Jeshi lake lilikuwa na bunduki chache mno. Ndiyo sababu uvamizi wa kituo cha polisi cha Naivasha tarehe 26 Machi 1953, uliowapa Mau Mau silaha 47, ulikuwa ushindi mkubwa hivyo. Waliobaki bila kitu walijitengenezea bunduki zilizoitwa banda. Mtutu ulikuwa bomba la maji, kitako kilichongwa kwa mti wa msituni, komeo lilitoka mlangoni, na nguvu ya kuligonga ganda la risasi ilitoka kwenye vipande vya mpira wa gurudumu. Risasi mara nyingi ilikuwa .303 iliyoibwa au kununuliwa kwa siri. Bomba la maji halina mifuo ya kuzungusha risasi wala unene wa kuhimili baruti yake, kwa hiyo banda haikufika mbali na nyingine zilipasuka usoni mwa mwenyewe. Mafundi wale naona hawajapewa heshima yao. Walielewa kazi ya mtambo wa James Paris Lee, mbunifu wa komeo la Lee-Enfield, kiasi cha kuuiga kwa takataka za mjini, na adhabu ya kukamatwa na kazi yao ilikuwa kitanzi.

Upande wa pili wa handaki walisimama homugadi, walinzi wa vijiji waliounga mkono serikali, wengi kwa mikuki mwanzoni, kisha kwa bunduki walizopewa na serikali. Wanajeshi wa Uingereza walikuja na namba 5, Lee-Enfield iliyofupishwa na kupunguzwa uzito kwa ajili ya msitu. Ni nyepesi, ila inarudi nyuma kwa teke kali, na walengaji wengi wanailaumu kwamba shabaha yake huhama. Ndia na Mwea, eneo ambamo Kagio imo, zilijaa vijiji vya lazima kuanzia mwaka 1954, na mashamba ya mpunga ya Mwea tunayojivunia yalichimbwa kwa mikono ya wafungwa wa vita hivyo. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipopigwa risasi na kukamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, alikutwa na bastola ya .38 na risasi sita. Kumiliki bastola hiyo ndilo kosa lililomnyonga Kamiti, tarehe 18 Februari 1957. Katika vita hivyo serikali iliwanyonga watu 1,090, wakiwemo wengi waliokutwa na silaha au risasi tu.

Anayechagua leo, katika nchi inayomruhusu, huwa na muda wa kutazama. Huchungulia mtutu kwanza, kwa sababu viwashio vya zamani viliacha chumvi inayokula chuma pasiposafishwa. Hulinganisha namba za komeo na za mwili wa bunduki, maana komeo lililotolewa kwingine huweza kuacha nafasi hatari nyuma ya risasi. Kwa shabaha, wengi huishia kwenye namba 4, yenye mtutu mzito kiasi na kilengeo cha tundu karibu na jicho. Kwa mawindo hupenda Mauser, ambayo komeo lake hujifunga mbele, karibu kabisa na risasi, na hivyo huhimili nguvu kubwa. Bunduki ambayo mbao zake hazijakatwa ina thamani kuliko ile iliyokatwa na mlowezi.

Kenya ilifunga mawindo Mei 1977. Anayetaka kulenga shabaha lazima awe na cheti cha silaha na kulenga kwenye uwanja ulioruhusiwa. Lee-Enfield hata hivyo ziliendelea na kazi: askari wa wanyamapori walizibeba miaka ya 1980 wakikabiliana na majangili wenye AK-47, na ilibidi Richard Leakey, alipoteuliwa mwaka 1989 kuongoza idara ya wanyamapori, awatafutie silaha za kisasa.

Nyeri ina makumbusho Ruring'u, katika jengo la mahakama ya Waafrika lililojengwa mwaka 1924. Ningeomba humo liwekwe kabati moja lenye Mark 4, Mauser ya mawindo na banda, zikiwa zimezibwa zisifyatuke, na maelezo kwa Kiswahili na Gikuyu. Wanafunzi wa Kagio, Kerugoya na Baricho hupelekwa Nyeri kuona kaburi la Baden-Powell. Wakiwa huko, waonyeshwe pia kazi ya fundi aliyegeuza komeo la mlango kuwa silaha.