Kutoka Yambuku hadi Beni: Ufundishaji wa Mikrobiolojia na Lugha ya Majibu nchini Kongo

Historia ya elimu ya tiba nchini Kongo inaweza kufuatiliwa kupitia sampuli ya damu: ilichukuliwa wapi, ilipimwa wapi, na majibu yake yalitolewa kwa lugha gani.

Jean-Jacques Muyembe alihitimu udaktari mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kisha akapata shahada ya uzamivu Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, ambako ugonjwa usiojulikana ulikuwa ukiua wagonjwa na watawa wauguzi wa hospitali ya misheni. Alitoa damu wagonjwa bila glavu. Mtawa mmoja aliyesafiri naye alifia Kinshasa. Damu yake ilipelekwa Antwerp, na virusi vya Ebola vikatambuliwa nje ya nchi. Ugonjwa ulipozuka Kikwit mwaka 1995, sampuli zilithibitishwa Atlanta. Katika mazingira hayo, mwalimu wa mikrobiolojia asiye na maabara yenye uwezo alimfundisha mwanafunzi kufungasha sampuli, si kuisoma.

Hali ilibadilika kadiri Taasisi ya Kitaifa ya Utafiti wa Kibayolojia, ambayo Muyembe aliiongoza tangu 1998, ilivyoimarika. Agosti 2018, taasisi hiyo ndiyo iliyothibitisha mlipuko wa Kivu Kaskazini. Muda mfupi baadaye sampuli zikaanza kupimwa Beni kwenyewe, na majibu kupatikana kwa saa chache. Hata hivyo, mlipuko ulipotangazwa kumalizika Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki. Vita na kutoaminiana vilizuia mengi ambayo maabara ingeweza kuyafanikisha.

Hapo ndipo suala la lugha linapojitokeza. Daktari hufundishwa kwa Kifaransa, ilhali familia nyingi za Beni hupokea majibu kwa Kiswahili cha huko, kilicho tofauti na Kiswahili sanifu. Hata istilahi sanifu ina mtego: katika habari za kila siku, “matokeo chanya” ni matokeo mema, katika maabara, chanya ni ugonjwa kuonekana. Kauli “virusi vimeonekana katika damu” haiachi shaka hiyo.

Safari ya sampuli imefupishwa kutoka Antwerp hadi Beni. Safari ya majibu kutoka maabara hadi kwa mgonjwa bado ni ndefu. Mitaala ya mikrobiolojia katika mashariki ya Kongo inapaswa kumpima mwanafunzi kwa mambo mawili: kuisoma sampuli, na kumweleza mwenye damu kilichoonekana, kwa Kiswahili anachokizungumza.