Njia ya Ujiji Imefungwa

Darasa letu lilipelekwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuona tembe alimokaa Stanley. Mwalimu akatueleza: mwaka 1871 Mtemi Mirambo alikuwa amefunga njia ya Ujiji, misafara imekwama Unyanyembe. Wengi wakangoja. Stanley, baada ya kupigwa vitani pamoja na Waarabu, akazunguka kusini, akafika Ujiji mwaka huohuo.

Hadithi hii ilinirudia miaka mingi baadaye, nikiwa mbele ya kompyuta ya mtumba.

Nilikuwa natafuta mfumo endeshi huria, nikakwama kwenye kiini chake. Kiini, msomaji, ndicho kinachogawa kumbukumbu na kuamua programu ipi ipite kwanza. Vipo viini vinavyofanya kila kazi vyenyewe. Halafu ipo maikrokeneli: hiyo ni kirangozi tu, inashika njia na kupeleka ujumbe, mafaili na mtandao ni mizigo ya mapagazi wengine. Pagazi mmoja akianguka, msafara unaendelea. Wazo zuri, bwana!

Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Akaitaka Mach, maikrokeneli ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Basi wakangoja iachiwe huru, miaka kama mitatu hivi, na kazi ya kiini chao, Hurd, ikaanza 1990. Mwaka 1991 kijana wa Helsinki, Linus Torvalds, akazunguka kusini: Linux, kiini cha mtindo wa zamani, kila kitu ndani. Mwaka 1992 Profesa Andrew Tanenbaum akamwambia ati huo ni ukale. Sawa, lakini kilikuwa kinakwenda.

Na Hurd? Hapo ndipo kichwa kiliponizunguka. Kuna Mach 3 ya Carnegie Mellon, Mach 4 ya Chuo Kikuu cha Utah, GNU Mach iliyotokana na hiyo ya Utah, tena OSKit-Mach. Miaka ya 2000 wakajaribu kuhamia L4, ya Mjerumani Jochen Liedtke; kumbe L4 nayo ina Hazelnut, Pistachio na Fiasco! Wakaitazama Coyotos pia. Mwisho wakarudi palepale, GNU Mach. Mimi nilikuwa na maelezo ya aina tatu, yote yanajiita ya Hurd, hayapatani hata kidogo. Usiku mzima ukaenda, nikajiona mjinga.

Siwacheki lakini. Waliongoja Unyanyembe walikuwa na mizigo yao. Si kila mzigo unapita porini.

Mwaka 2023 Debian walitoa toleo lao la Hurd. Nililiweka. Nikaiua kwa makusudi programu inayoshughulikia mtandao, nikaiwasha upya. Mashine wala haikushtuka.