Mstari kati ya Kitale na Bungoma

Ukipanda matatu Kitale, mita kama 1,900 juu ya bahari, ukateremka hadi Bungoma, mita 1,400 hivi, kuna mstari unauvuka bila kujua. Tuliujua kupitia taya za watoto.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt, mtu wa jicho moja, aliitwa kumwona mvulana aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda si mrefu akakuta mtoto mwingine Jinja. Meno yanalegea, uso unapinda, na kisu cha upasuaji hakisaidii.

Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili wakazunguka kilomita kama 16,000 kwa gari kuukuu la Ford, hospitali kwa hospitali: mmewahi kuona hii? Hakuna maabara, bana, ni picha na maswali tu.

Majibu yakachora ramani. Karibu na ikweta, ukipita mita 1,500, saratani hii, ambayo leo ina jina lake, ni nadra. Kwenye baridi, mbu wa malaria hastawi.

Bungoma iko chini ya mstari. Huko, jino la mtoto likilegea kabla ya wakati wake, huenda si jino. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, lakini ukiwahiwa, dawa huuyeyusha haraka vilevile.